Jumamosi: Pirates na habari za Clemente

Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi tunakwenda uwanja wa PNC Park kuwaona Pirates, timu ya besiboli ya Pittsburgh. Tiketi nitawarushia kesho kwenye simu. Kuna wawili hawajatuma hela, wanajijua 😄

Tukutane upande wa mjini, mwanzo wa daraja la Roberto Clemente. Siku za mechi magari huwa hayapiti, kwa hiyo tunavuka kwa miguu, na ng'ambo tu mtaiona sanamu yake. Walioingia kikundini karibuni: huyu Mpuertoriko alichezea Pirates misimu 18, akamaliza na mapigo 3,000 kamili. Tarehe 31 Desemba 1972 ndege yake ilianguka baharini akipeleka misaada Nicaragua kulikotokea tetemeko. Ukuta wa kulia uwanjani una urefu wa futi 21, namba ya jezi yake. Waonyesheni watoto.

Tena alikuwemo 1 Septemba 1971, Pirates walipokuwa timu ya kwanza ya ligi kuu kupanga kikosi chenye Weusi na Walatino watupu. Kwangu hiyo inapita hata ubingwa wa mwaka ule.

Bebeni masweta, mtoni kuna upepo. Anayetaka lifti aseme leo.