Kabla mama hajachomwa sindano

Bagamoyo, usiku

Somo yangu,

Assalaam alaikum. Habari ya mama kushindwa hata kukamua tui kwa ajili ya baridi yabisi imeniuma sana.

Umeuliza hiyo TNF aliyoitaja daktari ni kitu gani. Ni protini inayotolewa na chembe nyeupe za damu, hasa makrofaji, kupiga mbiu kwamba adui kaingia. Hapo homa hupanda, mahali huvimba na kuwa moto. Adui akishaondoka, mbiu hunyamaza. Kwa mama haikunyamaza, inalia kwenye viungo mchana na usiku.

Mimi huku maabara ndiyo ninayoipima. Tuna kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, vyote vimepakwa kingamwili, yaani protini za kuinasa. Tunatia majimaji ya damu, tunaosha, tunatia kingamwili ya pili, tunaosha tena, halafu dawa ya rangi. Penye TNF hugeuka buluu. Tukidondoshea asidi, huwa manjano. Pembeni tunaweka TNF ya kulinganishia, ambayo hutengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Tunahesabu kwa pikogramu, yaani gramu moja igawanywe mara trilioni! Sijazoea hadi leo.

Sindano aliyoandikiwa mama, kwa jina ulilonitajia, ni kingamwili vilevile: huinasa TNF kabla haijazifikia seli. Watafiti Marc Feldmann na Ravinder Maini walianza kuwapa wagonjwa wa baridi yabisi dawa ya aina hiyo London mwaka 1992, na wengi walipata nafuu.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililoninyima usingizi. Mama ndiye aliyemuuguza marehemu mzee kifua kikuu. Vijidudu vyake huweza kulala mapafuni miaka na miaka, chembe nyeupe zimevizungushia ukuta, na TNF ndiyo inayousimamisha ukuta ule. Ukiizima, vinaweza kutoka. Basi asichomwe kabla hajapigwa picha ya kifua na kupimwa kifua kikuu kilicholala. Akikutwa nacho, aanze kwanza dawa za kukizuia. Na habari ya mzee mwambie daktari waziwazi, usione haya, somo yangu. Najua nyumbani hamkupenda itajwe.

Nimeomba ruhusa. Ijumaa napanda basi la Tanga, twende naye pamoja. Tui la Jumamosi nitakamua mimi.

Somo yako