Mdogo wangu, liweke kwanza lile daftari

Mdogo wangu mpendwa,

Nimesoma ujumbe wako. Mwanao ana miaka 4, mwalimu analalamika kwamba penseli inamponyoka, nawe umemnunulia daftari la kufuatisha herufi na unamkalisha nalo kila jioni hadi analia. Nakuomba uliweke kabatini kwa sasa. Bega likiwa legevu, vidole huikaba penseli ili isianguke, na jicho ambalo halijazoea kuuongoza mkono haliwezi kuiweka herufi kwenye mstari hata umkaripie vipi. Kwa umri wake, akichora duara na msalaba anakwenda vizuri. Pembetatu huwasumbua wengi hadi miaka 5.

Mpe ukuta wa uani, brashi kuukuu na kopo la maji, apake kuanzia usawa wa macho kwenda juu. Mkono ukiinuliwa hivyo bega hufanya kazi, na kifundo cha mkono hupinda kwa nyuma kidogo, mkao uleule atakaouhitaji akiandika. Maji yakikauka ataanza upya mwenyewe.

Kisha chukua kopo la maziwa ya unga, kata tundu jembamba kwenye mfuniko wa plastiki, kizibo cha soda kipite kikiwa kimesimama wima tu. Mwangalie bila kumwelekeza. Atakibandika kikiwa kimelala, kitagoma. Atalitazama tundu, atakizungusha kwa ncha za vidole, atajaribu tena, mpaka kidondoke ndani, ‘ting’! Jicho na kidole vimeelewana hapo. Akizoea, mpe vizibo vitatu kiganjani avisogeze kimoja kimoja hadi kwenye vidole bila kutumia mkono wa pili. Hilo ni gumu, usimharakishe. Akichoka, acheni.

Kama nyumbani yupo mtoto wa mwaka mmoja, asikaribie vizibo, atapaliwa.

Na ule mchezo wa mdako, jamani! Unarusha komwe juu, unavuta nyingine shimoni, unaidaka ile kabla haijatua: macho juu, vidole chini, kwa wakati mmoja. Inaniuma kuona watoto wa siku hizi hawaujui. Wako bado mdogo kwa mchezo huo, basi aanze na mpira wa soksi: arushe, apige kofi moja, adake.

Ila ukiona anafumba jicho moja akitazama, anainamisha kichwa upande, anatumia mkono mmoja tu na mwingine ameukunja, au amepoteza alichokuwa anakiweza, usingoje michezo hii imsaidie. Mpeleke akapimwe macho na aonwe na mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mtu kumudu kazi za kila siku kama kula, kuvaa na kuandika. Wapo nchini, hospitali ya KCMC kule Moshi wanawafundisha. Wewe uko Dar, nenda hospitali ya CCBRT pale Msasani, huduma ya macho na tiba ya viungo zote zipo hapohapo. Nenda na moja ya picha alizochora na umweleze mtaalamu jinsi mtoto anavyokula, anavyofunga vifungo na anavyoshika kijiko.

Dada yako