Waja leo, waondoka leo? Kwa nini hatuuzi tena Tanga ya siku moja

Natembeza wageni hapa Tanga, na swali hili hunifikia karibu kila wiki: “Dada, tukitoka Dar usiku, alfajiri tuko Tanga. Tuone mji, tupite magofu ya Tongoni, tuingie mapango ya Amboni, tukachume machungwa Muheza, mchana tupande Lushoto tukaonje mvinyo, usiku turudi. Bei gani?”

Zamani nilikuwa nataja bei. Siku hizi nasema haiwezekani, na kwa kuwa nimechoka kueleza sababu kwenye simu, nimeona niiandike mara moja.

Julai ya mwaka juzi nilichukua familia ya watu kumi na mmoja, bibi yao mzaa mama akiwamo. Niliwauzia hiyo hiyo safari ya siku moja. Kwa mgema tulifika jua limeshapanda, mwenyewe ameshashuka mnazini na tembo, pombe ya mnazi, limeshakwenda kwa wanywaji. Tongoni tulikaa dakika ishirini, mimi nikitazama saa kuliko makaburi. Muheza tuliingia shambani saa nane mchana: wachumaji wamemaliza, lori linafungwa turubai, matawi ya chini hayana kitu, mwenye shamba anakula. Kona za kupanda Soni, njia ya Lushoto, zikamshinda mtoto wa mwisho, akatapikia kiti cha mbele. Lushoto yenyewe tuliiona kwa taa za gari. Yule bibi hakunigombeza. Alisema tu, “Mwanangu, umetutembeza, hukutuonyesha.” Nilirudisha nusu ya fedha yao, na safari ile nikaifuta.

Wengi hudhani shida ni umbali. Umbali si mkubwa kiasi hicho. Muheza ni chini ya saa moja kutoka mjini, Tongoni ni kilomita kama kumi na saba kwa njia ya Pangani, Amboni ni kilomita nane tu. Lushoto ndiyo mbali: mpaka Mombo, halafu kilomita zaidi ya thelathini za kupanda mlima. Shida hasa ni kwamba huku kila kitu kina saa yake, na saa hizo hazikai pamoja ndani ya siku moja hata ukikodi ndege.

Nianze na mnazi, kwa sababu ndio unaoulizwa sana na wageni waliosikia kwamba huku kuna “mvinyo”. Mvinyo wa zabibu hasa ni wa Dodoma. Ukitaka shamba la mizabibu, nenda huko, wala sitakudanganya kwa kukupeleka kwenye uwanja wenye mizabibu mitatu ya kivuli. Kinywaji cha pwani hii ni tembo la mnazi, na kiwanda chake kiko juu kileleni. Mgema hupanda asubuhi na jioni kwa vidato alivyovichonga kwenye shina. Karara, ala ya maua ya mnazi, ambalo halijapasuka hufungwa, hukatwa ncha kidogo kwa kisu chenye makali ya wembe, kisha utomvu hudondokea kibuyuni, ingawa siku hizi utaona chupa za plastiki kuliko vibuyu. Kila akipanda hukata tena kipande chembamba, kwa sababu jeraha likikauka utomvu hukatika.

Tembo lililoshushwa alfajiri ni tamu, jeupe mithili ya maji ya mchele, na lina povu jembamba. Hamira ya hewani huanza kazi pale pale, kwa hiyo mchana linakuwa limechangamka, jioni ni kali, na ukiliacha siku kadhaa unapata siki ya kutia kwenye kachumbari. Mgeni anayefika saa nne asubuhi akasema “mbona kali?” hajadhulumiwa, kachelewa. Nasi tulichelewa siku ile. Nami huwa simsifu mgema mbele ya wageni, kwani methali yake inajulikana: akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kwa hiyo mnazi unataka saa kumi na mbili asubuhi. Machungwa yanataka kinyume chake.

Chungwa halichumwi na umande. Kwenye ganda kuna vifuko vidogo vya mafuta, vile vinavyokurushia harufu machoni unapomenya. Ganda likiwa limelowa na limejaa maji, vifuko hivyo hupasuka kwa kuguswa tu, na mafuta yake huunguza ganda. Baada ya siku moja au mbili unaona mabaka ya kahawia. Ndani halijaharibika, lakini sokoni limeshapoteza bei. Ndiyo maana mchumaji mzuri wa Muheza hungoja jua likaushe majani, na mimi sipeleki mgeni shambani kabla ya saa nne. Tena tunakupa mkasi. Usivute! Chungwa la kuvutwa huchanika kwenye kikonyo, na kupitia hapo ndipo linapoanza kuoza. Linakatwa likabaki na kikonyo kifupi kisichoweza kumchoma mwenzake kwenye tenga.

Jambo lingine ambalo hunigombanisha na wageni kila msimu: “Dada, haya mabichi.” Si mabichi. Ganda la chungwa hugeuka manjano pale usiku unapokuwa wa baridi, ile rangi ya kijani ikavunjika. Tambarare za Muheza usiku ni wa joto, kwa hiyo chungwa huiva sukari ndani huku nje bado kijani, au kijani chenye madoa ya manjano. Yale ya rangi ya dhahabu mnayoyaona kwenye picha yametoka nchi zenye usiku wa baridi au yamepitishwa kwenye gesi. Nikiona mgeni ana shaka, namwita kijana wa shamba alimenye kwa kisu mzunguko mmoja bila kukata uzi, abaki na ile ngozi nyeupe, atoboe juu, na mgeni alifyonze. Mjadala huishia hapo.

Msimu mkubwa ni wa katikati ya mwaka, Juni mpaka Agosti, na kuna mwingine mdogo mwishoni mwa mwaka. Msasa hutangulia, Valencia hufuata. Ukija Aprili ukaniambia unataka kuchuma, nitakuambia kwanza mvua, pili hakuna. Na hata katika msimu, kuna siku shamba zima limeshauzwa juu ya miti kwa wenye malori, wengi wao wakivusha kwenda Kenya, na hapo mwenye shamba hana chungwa la kukuuzia japo unayaona yananing'inia. Sisi hukubaliana naye mapema, atuachie mistari miwili. Ndiyo sababu tunaomba malipo ya awali wiki mbili kabla. Wengine wamelichukulia hilo kama tamaa yetu. Fedha ile inakwenda shambani.

Sasa Tongoni, mahali ninapopapenda kuliko pote na ambapo nimewahi kupapitia mbio kwa dakika ishirini, Mungu anisamehe. Kuna gofu la msikiti wa matumbawe, kibla yake bado inatambulika, na makaburi yapatayo arobaini, mengi ya nguzo. Nguzo nyingi zimeanguka. Kwenye baadhi ya makaburi utaona vishimo vya mviringo: humo zilipachikwa bakuli za kauri kutoka Uchina, zimeng'olewa zamani. Nenda alasiri, saa kumi hivi. Mchana wa saa sita jua linapiga kutoka juu na jiwe lote linakuwa jeupe tupu, huoni mchongo wala kishimo. Alasiri mwanga unalala, kila mstari unajitokeza.

Zamani paliitwa Mtang'ata, na lahaja ya hapa mpaka leo ni Kimtang'ata. Aprili 1498 meli moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya mwambao huu ikingoja maji yajae. Shajara ya safari ile, iliyoandikwa na mmoja wa waliokuwamo, inaeleza kwamba wakiwa wamekwama walijiwa na vyombo viwili, na kimoja kilikuwa kimejaa machungwa mazuri kuliko ya Ureno. Mreno mwenyewe ndiye aliyeandika hivyo! Milima waliyoiona nyuma ya pwani waliipa jina la meli yao, nayo ndiyo Usambara yetu. Januari 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi na mabaharia wengi wamekufa kwa ugonjwa, walikuwa hawatoshi kuendesha meli zote, wakaichoma São Rafael hapo hapo.

Huwa nalisimulia hili nikiwa nimebeba kikapu cha machungwa tuliyochuma asubuhi, tumeketi nje ya ua wa magofu, tunamenya. Kwa ndani hatuli, pale ni msikiti na makaburi ya watu. Kwa sababu hiyo hiyo nguo iwe ya heshima, na aliyebeba tembo aliache garini.

Mjini huwa sina ratiba ya dakika. Tunapitia Boma la zamani, ambamo kuna makumbusho ya Urithi, tunapita mnara wa saa, kisha stesheni. Reli ya Usambara ilianza kujengwa hapa 1893, ya kwanza katika koloni la Wajerumani, na ilifika Muheza 1896. Mwaka ule ule wa 1893 ndipo Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza vichipukizi elfu moja vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika hai ni 62 tu, vikapandwa upande wa Pangani. Kilimo cha mkonge utakachokiona njiani kilianzia kwenye mzigo ule ulionyauka.

Na kuna vita vya Novemba 1914. Waingereza walishusha karibu watu 8,000 huko Raskazone, wengi wao askari wa Kihindi, dhidi ya jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lililokuwa kama elfu moja, askari weusi wakiwa wengi, waliowahishwa kwa treni kutoka upande wa Moshi. Waingereza walishindwa vibaya. Katikati ya risasi mizinga ya nyuki ilichokozwa, nyuki wakawauma wote bila kuuliza bendera, na mpaka leo wapo wanaoviita vita vya nyuki. Wazee wa baraza moja pale Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba, husimulia vizuri kuliko mimi, ila uwakute baada ya swala ya alasiri au magharibi, kahawa ikiwa imeshachemka na kashata ipo kwenye sinia. Saa tano asubuhi utakuta baraza tupu na paka.

Amboni nitaipitia haraka: ni mapango ya mawe ya chokaa, hayana saa, ndani ni giza mchana na usiku. Hilo ndilo tunaloliweka saa sita, jua likichoma. Vaa viatu vyenye meno. Kuna mahali pa mzimu ambapo watu huacha sadaka zao, usiziguse wala usizipige picha za mzaha.

Basi mpangilio wetu wa sasa ni siku mbili na usiku mmoja, na umefungwa na saa hizo. Mnafika siku ya kwanza asubuhi, saa nne mko shambani Muheza, chakula cha mchana huko huko, alasiri Tongoni na machungwa yenu, magharibi barazani. Siku ya pili alfajiri kwa mgema, chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, halafu mji, Amboni saa sita, na saa tisa mnaondoka. Anayekuja nje ya msimu wa machungwa tunambadilishia siku ya Muheza kwa Amani, kwenye misitu na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani 1902, na njiani kuna iliki, mdalasini na pilipili manga. Barabara yake ni ya vumbi na inapanda, kwa hiyo inakula siku nzima, na nikisema nzima sitanii.

Lushoto tunaiuza peke yake, walau usiku mmoja, na wakati wake mzuri kwa matunda ni kuanzia Desemba, pichi, plamu na peasi zinapouzwa kwa ndoo ndogo mpaka kituoni Mombo. Kuiunganisha na pwani kwa siku moja sirudii. Shemeji yangu, ambaye ndiye dereva, amesema nikirudia nitafute dereva mwingine.

Mtu huniambia basi Tanga yenu ni ya gharama, maana kuna kulala. Ni kweli, usiku mmoja wa nyumba ya wageni unaongezeka. Lakini wenyewe tunasema Tanga ni ya waja leo, waondoka leo, na nawajua wawili waliokuja na tiketi ya kurudi mkononi, mmoja yuko Makorora, hapa hapa mjini, na watoto watatu.

Unapotuandikia, tutajie mambo manne tu: tarehe, idadi yenu, kama kuna mzee au mtoto mdogo, na kama mnakunywa tembo au hamnywi, ili mgema tusimwamshe bure. Kuhusu machungwa ya kubeba nyumbani, usiyaoshe kabla ya safari, na usiyafunge kwenye mfuko wa nailoni. Tunawapa mfuko wa wavu. Uwekeni juu ya mizigo mingine, kivulini, usiwe chini ya miguu ya mtu. Yakifika Dar ganda limenywea kidogo, msiyatupe.