Tovuti iliyo hewani isiguswe bila kumbukumbu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie tabia inayowaumiza wenye tovuti bila wao kujua, nayo ni ya mafundi kufungua faili za tovuti iliyo hewani na kuzirekebisha papo hapo kwenye seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti na kuitoa kwa wasomaji, pasipo kuacha kumbukumbu yoyote ya kilichobadilishwa.

Kazi yangu ni kutunza tovuti, na nyingi nimezirithi kutoka kwa waliotangulia. Katika mojawapo nilikuta saraka (folda) yenye faili za index.php, index_zamani.php, index_mpya.php na nyingine iliyoitwa index_mpya2_usifute.php. Hapakuwa na mtu wa kunieleza ipi ilikuwa inatumika. Nikaiondoa ile ya zamani, nikiamini jina lake, na fomu ya malipo ikazimika hapo hapo, kwa sababu faili nyingine ilikuwa ikiiita kimyakimya. Sikuwa nimeweka nakala, hivyo ilinibidi kuandika upya, usiku kucha, msimbo, yaani maagizo ya programu, ambao sikuutunga mimi.

Dawa ya tatizo hili ni kongwe kuliko intaneti ya kurasa yenyewe. Mwaka 1972 Marc Rochkind, akiwa katika maabara ya utafiti ya Bell Labs nchini Marekani, alianza kuunda programu ya kutunza matoleo ya msimbo, na mwaka 2005 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaandika Git, programu ya aina hiyo hiyo, kwa ajili ya kazi ya mfumo huo wa kompyuta. Git ndiyo inayotumiwa zaidi leo, ni ya bure, na haibagui kati ya mradi wa maelfu ya watu na tovuti ya kurasa tano. Kila badiliko linalohifadhiwa humo hubeba jina la aliyelifanya, saa, mistari iliyoguswa na maelezo ya sababu. Maelezo hayo yaandikwe kwa uangalifu, maana neno “marekebisho” peke yake halimsaidii atakayelisoma baada ya mwaka mmoja.

Utaratibu wenyewe hauna ugumu. Fundi hufanya kazi kwenye kompyuta yake, akajaribu badiliko kwenye tovuti ya majaribio, akalihifadhi katika hazina ya msimbo, yaani mahali Git inapotunza faili na historia yake, kisha seva ikalichukua kutoka huko. Likileta hitilafu, hulitangua kwa badiliko jingine linalorudisha mistari kama ilivyokuwa, na historia yote ikabaki mahali pake. Dharura ikimlazimisha mtu kugusa seva moja kwa moja, basi alihifadhi badiliko hilo mara tu moto unapozimika, kabla hajalala.

Kuna faida nyingine ambayo binafsi naithamini kuliko zote. Siku moja niliandika kwenye seva amri ya git status, inayoonesha faili zilizotofautiana na zilizohifadhiwa, nikitarajia kuona kwamba hakuna kilichobadilika, nikaoneshwa faili ya PHP (lugha ya programu za tovuti), ndani ya folda ya mandhari, yaani ya mwonekano wa tovuti, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiweka. Ilikuwa ya mdukuzi. Tovuti ilikuwa ikifunguka vizuri kabisa, na bila kumbukumbu ya kulinganisha nayo tusingekuwa na sababu ya kuitazama folda hiyo.

Hata hivyo, nisiwafanye wasomaji waamini kwamba Git hulinda kila kitu. Makala na maoni ya wasomaji hukaa kwenye hifadhidata, na picha zinazopakiwa kwa kawaida huachwa nje ya hazina, kwa hiyo nakala rudufu za kila siku bado ni za lazima. Nywila nazo zisiingizwe humo hata kidogo. Nywila iliyohifadhiwa mara moja hubaki kwenye historia hata baada ya kufutwa kwenye faili, na ikishatokea hivyo jambo la kwanza ni kuibadilisha. Vilevile saraka ya .git, ambamo Git hutunza historia hiyo, ikiachwa wazi chini ya mzizi wa tovuti, yaani folda kuu ambayo seva huitoa kwa umma, mgeni yeyote mwenye kivinjari anaweza kupakua historia nzima pamoja na siri zake. Iwekwe nje ya mzizi huo, au seva izuiwe kuitoa. Kosa hili nimelikuta hata kwa mafundi wenye uzoefu.

Ombi langu ni kwa wanaolipia tovuti, kwa kuwa fundi mwenye haraka hatalifanya hili asipoulizwa. Katika mkataba waandike kwamba hazina ya msimbo, pamoja na historia yake yote, ni mali yao na watakabidhiwa kazi inapokwisha. Siku ya makabidhiano wamwambie fundi afungue historia hiyo mbele yao na kuwaonesha badiliko la mwisho lililofanywa, nani alilifanya na kwa nini.

Msomaji wako,
Mtunza tovuti