Risala ya Klabu ya Wazamiaji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa klabu, wakufunzi, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Wahitimu walio mbele yako wamefundishwa kuzamia kwa mtungi kwenye matumbawe ya visiwani.

Mheshimiwa, somo la kwanza ni hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi shinikizo la bar 200 una lita 2,400 za hewa. Anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji, kwenye kina cha mita 20 huvuta 60, maana shinikizo huko ni mara tatu. Akiacha akiba ya bar 50, ana nusu saa. Mwenye papara hafikishi. Kupanda kusizidi mita 9 kwa dakika, na kwenye mita 5 asimame dakika 3. Pumzi haizuiwi kamwe: hewa iliyofungiwa mapafuni hutanuka maradufu ndani ya mita 10 za mwisho, na mapafu huweza kupasuka.

Matumbawe mengi yanayovunjwa na wazamiaji hayavunjwi kwa makusudi. Mara nyingi chanzo huwa ni risasi za kiunoni, yaani vipande vya madini ya risasi vinavyomsaidia mzamiaji kuzama. Mwanafunzi hupima uzito mtungi ukiwa umejaa, akasahau kwamba hewa atakayoitumia ina kilo mbili na zaidi. Mwishoni anakuwa mwepesi na kushindwa kutulia kwenye mita 5. Kwa kuogopa hilo, safari inayofuata hujaza risasi kupita kiasi, miguu ikamwelemea chini, na kila teke la pezi likatua kwenye tumbawe. Yale ya mviringo hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka! Sisi hupima mtungi ukiwa na bar 50: jaketi la kuelea likiwa halina hewa, pumzi ya kawaida, maji yaishie usawa wa macho.

Kuhusu viumbe, kanuni ni moja: mikono ikae kifuani. Kasa aliyezingirwa hukosa njia ya kupanda kuvuta hewa. Samaki jiwe hujificha kati ya mawe, na miiba yake ina sumu. Aliyechomwa huwekwa kidonda kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45 kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku akipelekwa hospitali.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. La kwanza ni maboya ya kufungia boti. Nanga ikitupwa kwenye matumbawe, mnyororo wake hufagia duara zima kadiri upepo unavyogeuka. Boya likifungwa kwenye tofali la zege lililowekwa penye mchanga, na boya dogo la katikati likiinua kamba isilale chini, tatizo hilo huisha.

La pili ni oksijeni ya dharura. Mwenye ugonjwa wa mgandamizo, yaani viputo vya gesi vinavyotokea mwilini mzamiaji anapopanda, hupewa oksijeni safi, kwa kawaida lita 15 kwa dakika, hadi afikishwe kwenye chumba cha shinikizo anakotibiwa. Mtungi wenye lita 1,000 za oksijeni huisha kwa saa moja na dakika chache, ilhali safari ya boti kutoka kisiwani huweza kuchukua saa kadhaa. Tunahitaji mitungi inayotosha safari nzima, pamoja na akiba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.