Kabla ya vigae, mwiteni mwalimu wa kwaya

Mhariri,

Nafundisha kwaya hapa Masasi mwaka wa 19 huu, na fimbo yangu ya kuongozea ni penseli. Majuzi kijana mmoja wa besi alinionyesha kwenye simu mzee wa Kizungu akiongoza okestra ya Vienna, sikukuu ya Mwaka Mpya 2016. "Mwalimu, huyu ndiye kondakta." Nikacheka. Kwetu kondakta ni yule anayekudai nauli.

Mzee mwenyewe ni marehemu Mariss Jansons. Alizaliwa Riga, Latvia, mwaka 1943, mama yake Myahudi akiwa mafichoni. Baba yake aliifanya kazi hiyohiyo, na moyo ukamuua akiwa na okestra Manchester mwaka 1984. Mwana naye moyo ulimwangusha jukwaani Oslo, Norwei, mwaka 1996. Akapona, akarudi kazini.

Lakini kilichonishika mimi ni habari ya ukumbi. Okestra ya Oslo aliichukua mwaka 1979, akainoa hadi ikajulikana duniani. Mwaka 2000 akatangaza kuiacha, kwa kuwa ukumbi uliharibu sauti na wakubwa hawakuurekebisha. Miaka 21! Akaenda Munich, Ujerumani, vita ya ukumbi ikawa ileile. Mwaka 2013 alipata tuzo ya euro 250,000, zote akazitoa kwa ajili ya ukumbi mpya. Alifariki mwaka 2019 haujajengwa.

Nasi tumejengewa ukumbi, kwa michango ya korosho. Vigae sakafuni, vigae ukutani hadi juu ya madirisha, bati tupu bila dari. Unang'aa, sikatai. Siku ya kwanza nilipiga kofi moja nikahesabu: moja, mbili, tatu, ndipo likanyamaza. Sauti ya pili wanaingia na "mi" huku "so" ya mstari uliopita bado inazunguka kwenye kenchi. Besi hawanisikii, wanaifuata penseli. Mvua ya Januari ikipiga bati, tunakaa kitako tunangoja. Kamati ikaona dawa ni spika mbili kubwa; sasa vurugu yetu inafika stendi.

Ombi langu kwa wanaojenga: kabla ya kuezeka na kubandika vigae, mwiteni mwalimu wa kwaya. Wekeni dari la mbao, au hata mapazia mazito ukuta wa nyuma. Majirani zetu ndiyo kwanza wamemwaga msingi wa ukumbi wao. Hawajaniita, lakini Jumamosi nitapita.

Mwalimu wa kwaya,
Masasi, Mtwara