YAH: Magurudumu Yasiyoingia Kwenye Fremu Mliyoniuzia

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Nilinunua kwenu fremu na jozi ya magurudumu ya baiskeli ya saiklokrosi (mbio za baiskeli nje ya barabara), vilivyotangazwa kama seti moja. Kabla ya kulipa niliuliza kwa maandishi kama habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma inaingia kwenye fremu hiyo. Nilijibiwa: "Vinaoana bila shaka." Ujumbe huo ninao, na nimeuambatanisha hapa.

Fremu ni ya ekseli nene ya kupenya, kipenyo milimita 12, nayo inataka habu yenye upana wa milimita 142. Gurudumu la nyuma mliloleta lina habu ya 135, ile ya ekseli nyembamba inayobanwa kwa mkono. Mhudumu wenu aliniambia tofauti ni milimita 7 tu, ninunue adapta. Ni kweli zipo habu ambazo ukibadilisha vifuniko vya pembeni, ukaongeza milimita 3.5 kila upande, zinahama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Hii si mojawapo. Fundi aliifungua mbele yangu: tundu lake la ndani ni dogo kuliko milimita 12, kwa hiyo ekseli haipiti, na hakuna kifuniko kitakacholipanua. Mhudumu angetazama vipimo vya bidhaa yenu wenyewe kabla ya kunituma dukani tena.

Diski za breki nazo zilikuja za bolti sita wakati habu ni ya kukaza kwa ringi moja ya katikati. Hilo silikuzi, maana adapta yake ipo na inafanya kazi.

Linaloniudhi zaidi ni nafasi ya tairi. Tangazo linasema fremu inabeba tairi hadi milimita 40. Niliazima gurudumu linaloingia, nikafunga tairi la 33, ambao ndio upana wa juu unaoruhusiwa na kanuni za UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, kwa saiklokrosi. Kila upande ilibaki milimita tatu na nusu. Jumlisha: ni 40 kamili, kutoka bomba hadi bomba. Yaani mmepima uwazi wote mkauita upana wa tairi! Hata barabarani tairi la 40 lingesugua fremu, sembuse kwenye tope. Mchezo huu ni wa tope na majani. Vikishajikusanya nyuma ya ekseli ya pedeli gurudumu linakwama, na mchanga unakwangua rangi hadi kwenye kaboni. Mwendeshaji anabaki kubeba begani baiskeli iliyokwishaongezeka uzito. Anayechagua fremu ya saiklokrosi hutazama nafasi hiyo kabla hata ya uzito, na ninyi ndiyo mliyoikosea.

Kubadilishiwa gurudumu peke yake hakutatosha, kwa kuwa fremu yenyewe siyo mliyoitangaza. Naomba mchukue seti nzima kwa gharama zenu na kunirudishia fedha zote, pamoja na nauli ya mzigo, ndani ya siku 14. Vocha ya manunuzi sitaipokea. Naomba pia tangazo lirekebishwe: liandikwe upana wa habu, kipenyo cha ekseli, na tairi kubwa zaidi linaloingia huku likibakiza nafasi ya tope.

Picha za vipimo na risiti nimeziambatanisha. Nijibiwe kwa maandishi.

Wako,
Mteja